Siku Mama Alipofunga Puli Mwenyewe

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye foleni ya magari mpakani Busia, nikirudi kutoka upande wa Kenya, gari langu likaanza kupiga kelele nyembamba chini ya boneti. Halafu ikaja harufu ya mpira unaoungua. Fundi aliangalia, akafuta mikono, akasema puli ya krenki imekwisha, lile gurudumu la chuma linalozungusha mikanda ya injini. Mume wangu, ambaye tangu anunue simu kubwa hakuna kazi asiyoiweza, alinionyesha video ya mtu akifunga puli kama hiyo huku akipiga mluzi. "Ni bolti moja tu," akasema. "Tununue, tufunge wenyewe." Nilimjibu vibaya, bila sababu ambayo yeye angeweza kuiona. Nikatoka, nikatembea mpaka yanapoegeshwa malori, nikarudi, nikatoka tena.

Tangu siku hiyo sikai mahali pamoja. Naanza kuosha vyombo naviacha, naanza kupanga nguo naziacha. Ninyi wa rika langu mliokulia huku mpakani labda mnaijua hali hii. Kuna jambo ulilofanya ukiwa mtoto, ukadhani umekua na kuliacha nyuma, kumbe linakufuata tu polepole. Langu lilianza na puli.

Baba alipofariki alituachia pikapu iliyokuwa nyeupe zamani, siku zile ikiwa na rangi ya chai ya maziwa. Watu walimshauri Mama aiuze. Mama akajifunza kuiendesha, akang'oa mwembe mdogo na kona moja ya jiko letu katika kujifunza, kisha akaanza kubeba samaki kutoka Majanji kupeleka Tororo. Mara tatu kwa wiki alishuka ziwani jioni ili awahi samaki wa alfajiri, na usiku alilala ndani ya gari. Nyuma ya kiti kulikuwa na godoro la sponji lililokunjwa, leso zake mbili, kopo la mafuta ya kujipaka na kitana. Ukifungua mlango ulinusa samaki kwanza, kisha Mama.

Dada yangu Athieno, mkubwa wangu kwa miaka kumi na miwili, alikuwa ameolewa Nabuyoga na Okoth, fundi wa mashine za kusaga nafaka. Shemeji Okoth alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku ya kanisani. Mimi nilimpenda sana. Ila niliona wazi kwamba yeye na Mama wanachukiana. Alipofika nyumbani, Mama aliingia ndani kwa mlango wa nyuma na hatoki mpaka mgeni aondoke. Hawakupeana mikono hata mara moja. Siku moja tulikutana naye kwenye njia ya sokoni, Mama akageuza uso, na shemeji akatumbukia ndani ya shamba la watu la mahindi na baiskeli yake, akatokea mbele huko akiwa na majani kichwani.

Hakuna aliyenieleza kwamba ile ilikuwa heshima. Mambo ya wakwe kwetu hayafundishwi, mtoto huyaokota mwenyewe, na mimi niliokota vibaya. Kweli, shemeji alipokuja Mama alichinja kuku, akachagua nyama nzuri, akanituma nimpelekee. Nilifikiri anafanya hivyo ili watu wasimseme. Nikiwa na miaka tisa nilijipa kazi ya kuwapatanisha wale watu wawili, na ndiyo kazi niliyoifanya kwa bidii kuliko zote nilizotumwa.

Mwaka uliotangulia Dada alikuwa amepoteza mtoto wake wa kwanza. Uchungu ulimshika wakati wa mvua, bodaboda ikakwama kwenye tope la barabara ya Nabuyoga, wakafika hospitali ya Tororo wamechelewa. Alipopata mimba ya pili Mama alimwahidi mbele yetu sote: "Safari hii hupandi bodaboda. Wewe tuma mtu tu, mimi nakuja na gari." Alilisema hilo kila Dada alipokuja, hata alipokuwa hajaulizwa.

Mimba ilikuwa imefika mwezi wa tisa pikapu ilipokufa, pale pale kwetu, Mama akiiwasha kwenda Majanji. Puli ilikuwa imepasuka, kipande cha nje kimeachana na cha ndani. Fundi wetu Wafula alikuwa amevuka kwenda kuzika mjomba wake upande wa Kenya, na mjomba mwenyewe alikuwa mtu mkubwa, kwa hiyo matanga yangechukua wiki nzima. Mafundi wa mjini walitaka gari livutwe mpaka kwao, na Mama hakuwaamini. Alisema gari likilala kwao linaamka limekonda.

Basi tukavuka mpaka, mimi na yeye, kutafuta puli nyingine. Kijana wa duka la spea alichukua kile kipande cha nje cha ile mbovu, akakipima na puli nyingine iliyotumika, akaigongagonga kwa kucha. "Mathe, hii ni ile ya ukweli. Siwezi kukuchezea. Fundi wako ataifunga chap chap."

"Na kama fundi hakuna?"

Kijana akamwangalia Mama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala. "Ah, mathe. Si utafute mtu?"

Mama aliibeba ile puli mpaka nyumbani kama aliyebeba ugomvi. Akaiweka mezani, akaitoa, akaiweka juu ya kabati, akaishusha tena. Siku mbili hakutulia. Alikuwa anasonga ugali anaacha mwiko, anakwenda kuchungulia chini ya gari, anarudi ugali umeshika chini. Mara nilimkuta ameishika puli mikononi akiizungusha, midomo ikicheza bila sauti. Kila bodaboda iliyopunguza mwendo karibu na kwetu ilimfanya asimame mlangoni, akidhani ni mtu ametumwa kutoka Nabuyoga. Na mimi nikaambukizwa, nikawa nasimama naye.

"Si mkwe wako ni fundi wa injini?" jirani yetu Mama Nekesa alimuuliza juu ya ua. "Ita yeye afunge, wewe nakaa ndani."

"Ile gari ndio kitanda yangu. Ile kiti mimi nalalia. Mkwe naweza kugusa kitanda ya mama mkwe wake?"

"Toa godoro basi."

"Ukitoa godoro kwa chumba, chumba nakuwa jiko?"

Mama Nekesa akacheka mpaka akashika ua. "Mama Athieno, mficha uchi hazai."

"Mimi nimeshazaa. Wacha nifiche."

Siku ya tatu shemeji Okoth alikuja mwenyewe kwa baiskeli. Mama akaingia ndani, akaniita nimpelekee maji na kumuuliza habari za Dada. Shemeji akasema yuko salama, lakini mkunga amemwambia siku ni chache. Akaiona pikapu na puli yake iliyoachana, akaelewa. Hakuligusa gari. Alisimama mbali, mikono nyuma, kama mtu aliye mbele ya mlango wa chumba cha watu. Kisha akaniambia nimwambie Mama kwamba kazi yenyewe si ngumu, na kama Mama atakubali kufunga kwa mkono wake, yeye atakaa nyuma ya nyumba na kutoa maneno.

Nilipeleka habari hiyo. Mama alikaa juu ya kitanda, akainuka, akakaa tena. Akasema, "Mwanamke nafunga puli." Akasema tena, kwa sauti nyingine, "Mwanamke nafunga puli." Kisha akafungua sanduku, akatoa suruali ya marehemu Baba, akaivaa, akaikaza kwa kamba. Sikuwahi kumwona Mama na suruali. Nilifikiri amevaa hivyo kwa ajili ya vita.

Shemeji aliketi nyuma ya nyumba juu ya kinu kilichopinduliwa, akitazama muhogo, mgongo kwetu. Gari lilikuwa mbele ya nyumba. Katikati nilikuwepo mimi na miguu yangu.

"Mwambie Mama, samahani, aweke gia ya nne. Wewe nakanyaga breki na miguu yote mbili. Halafu ndio alegeze bolti."

Nikakimbia. "Gia ya nne. Mimi nakanyaga breki."

"Mwambie asante sana," Mama akasema kutoka chini ya gari. "Mwambie bolti imekataa."

Nikakimbia. "Imekataa."

"Pole sana kwake. Aingize bomba kwa mkono wa spana, iwe ndefu."

Nilizunguka ile nyumba mpaka kuku wakanizoea. Zile samahani na asante na pole nilikuwa naziacha njiani ili nikimbie mwepesi. Nilidhani ni maneno ya bure, ya kufunika chuki. Bolti ilipolegea Mama alipiga kelele, na nyuma ya nyumba nikamsikia shemeji akicheka peke yake kwa furaha. Kipande cha ndani cha puli ya zamani kikatoka. Ikaingia ile nyingine. Jua lilikuwa limeshapita utosini, vidole vya Mama vilikuwa vimechubuka vyote, na kuna grisi ilimwingia jichoni akaifuta kwa mkono wenye grisi.

"Imeingia," akasema. "Lakini nacheza kidogo. Muulize kama ni kawaida."

Shemeji aliposikia alisimama. "Nacheza kwenda mbele na nyuma, ama nacheza kuzunguka?"

Nikaenda, nikarudi. "Kuzunguka."

 Akachuchumaa ili tutazamane. "Sikia vizuri. Mwambie Mama, samahani sana, atoe tena yote. Kwa ile shafti kuna kichuma kidogo nalala kwa mfereji, kama kipande ya ukucha. Hiyo ndio nashika puli. Kama imelika, asifunge. Mimi navuka sasa hivi kutafuta ingine. Asifunge. Umesikia?"

Nilisikia. Nilisikia kila neno, na nimelisikia kila mwaka tangu siku ile.

Nilipofika mbele, kabla sijafungua mdomo, Mama akasema kutoka chini, "Huyo mkwe akiniambia nitoe tena, leo namrushia hii spana." Leo najua alikuwa anatania kwa uchovu. Nakumbuka hata alicheka kidogo. Lakini mimi niliiona spana mkononi mwake, nikaona damu kwenye vidole, nikaona siku ya wao kupigana imefika na mimi ndiye niliyebeba neno la kuianzisha.

"Anasemaje?"

"Anasema ni sawa. Ufunge."

Nilijisikia vizuri sana. Niseme ukweli, nilijiona mtu mkubwa. Mama alikaza bolti kwa nguvu zake zote, akavisha mkanda, akanipandisha kwenye kiti na kuniambia niwashe. Pikapu ikaunguruma. Mama akatoka chini akicheza, na ile suruali, na Mama Nekesa akapiga vigelegele kutoka kwake.

Shemeji alikuja mbio mpaka kona ya nyumba. Akamwona Mama katika suruali, akageuka haraka kama aliyechomwa, akarudi nyuma ya ukuta. Akaniita. "Ulimwambia vile nilisema?"

"Nilimwambia."

"Na akaangalia?"

"Aliangalia."

Alitazama ukuta. Kutoka pale mpaka aliposimama Mama zilikuwa hatua kumi. Angeweza kupaza sauti, lakini kwetu mkwe hampazii mama mkwe wake sauti, na zaidi, hamwambii mbele ya jirani kwamba kazi aliyoifanya ni mbovu. Alisema, "Basi, kama ameangalia." Akala chakula nilichomletea, akapanda baiskeli yake, akaenda.

Siku ya tatu baada ya hapo mtu akaja na bodaboda kutoka Nabuyoga. Uchungu umeanza. Mama hakungoja hata kuvaa viatu. Tulikwenda vizuri, gari likilia kidogo tu tulipopanda vilima, na Mama akaimba nusu ya njia. Tulimpakia Dada mbele, mimi nikabanwa katikati, na shemeji akapanda nyuma kwenye bodi, akaketi akitazama tulikotoka ili asimwone mama mkwe wake kwa kioo. Mvua ilianza kunyesha.

Tulikuwa bado hatujafika barabara ya lami gari lilipotoa sauti ya chuma kukatika. Mkanda ukaungua, moshi ukaingia ndani, rejeta ikachemka. Mama alizidi kukanyaga mafuta mpaka injini ikazima yenyewe. Nakumbuka alivyoupiga usukani kwa viganja, mara moja tu, na Dada alivyomshika mkono akimwambia, "Mama, mtoto nafika. Mama, nafika."

Shemeji aliruka, akafungua boneti, akaingiza mkono kwenye chuma cha moto, akautoa. Alikuja mlangoni, akamshika Dada mabegani, Mama akamshika miguu, wakambeba pamoja mpaka nyuma, mikono yao ikigusana, na shemeji mwenyewe akavuta lile godoro kutoka nyuma ya kiti akalitandika. Nilitegemea kitu kitokee, radi au nini. Hakuna aliyekumbuka. Walifunika bodi kwa turubai la samaki, na mimi nikaambiwa nisimame barabarani nisimamishe gari lolote. Nilisimama katikati ya njia mikono juu. Hakuna gari lililokuja kwa muda mrefu, na lilipokuja lori la mchanga, mtoto alikuwa ameshazaliwa. Alikuwa wa kiume. Hakulia.

Lori lilimchukua Dada mpaka hospitali, akapona.

Baada ya mazishi, mjomba wangu, kaka yake Mama, aliwakalisha watu sebuleni kwetu. Safari hii Mama hakujificha. Aliketi upande mmoja, shemeji upande wa pili, Dada katikati amejifunika shuka. Mjomba alikuwa na kile kichuma mkononi, kimekatika vipande viwili, kimelika kama jino bovu.

"Yeye ndiye alisema nifunge," Mama akasema. "Niliuliza. Niliuliza kama ni kawaida nacheza. Akasema ni sawa."

Mjomba akamgeukia shemeji. "Mwanangu, ulimwambia mama yako habari ya hiki kichuma?"

Shemeji alinyanyua macho, akanitazama. Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, kidole mdomoni. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua. Kisha akasema, "Nilisahau."

Na mimi nilimwamini. Hilo ndilo linaloniondoa kwenye kiti mpaka leo. Nilijua watu husema uongo ili wasichapwe. Sikuwahi kuona mtu akisema uongo ili achapwe yeye. Nilifikiri kweli amesahau kwamba aliniambia, na kama mwenye maneno ameyasahau, basi hayakuwahi kusemwa. Usiku ule nililala vizuri.

Nilikuja kuelewa polepole, mwaka baada ya mwaka. Mama hakuchinja tena kuku. Shemeji alipokuja, hakunituma maji wala kuuliza habari. Aliingia ndani vile vile kama zamani, mtu wa nje asingeona tofauti, lakini mimi niliyekuwa nabeba sahani niliiona. Ile chuki niliyoizuia kwa uongo wangu haikuwepo mpaka nilipoileta mimi. Mama alifariki mwaka juzi, nayo ikiwa bado moyoni mwake, na shemeji alikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi. Dada alikaa kwetu mwaka mzima kabla ya kurudi kwake, na sasa wana mabinti wawili wakubwa. Lakini wakikosana, hata kwa chumvi ya mboga, Dada humwambia, "Wewe si mtu wa kusahau?" Naye huinuka akaenda kwenye mashine yake.

Wiki iliyopita nilishindwa kuvumilia. Niliacha gari kwa fundi bila kumpa jibu la puli, nikapanda bodaboda mpaka Nabuyoga. Shemeji alikuwa peke yake kwenye mashine yake, amezima injini, anaondoa vumbi la unga kwa brashi. Nywele zake zimekuwa nyeupe, sehemu kwa umri na sehemu kwa unga.

"Shemeji," nikamwambia, "siku ile hukusahau."

Aliendelea na brashi. "Ulikuwa na miaka tisa."

"Kwa nini hukusema?"

"Mama yako alikuwa amezika wajukuu wawili. Nimpe tena na mtoto wa kuchukia? Mimi ni mkwe. Kunichukia mimi ni rahisi, hatukuwa tunaonana. Wewe ungelala nyumba moja na yeye."

Nililia. Alinipa kitambaa chake, kikaniachia unga usoni, na hakunifariji.

"Na Dada?" nikauliza.

"Dada yako mpaka leo hajui." Akaweka brashi chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamwona amekasirika. "Mimi nimekaa na hiyo maneno kwa kitanda yangu miaka yote. Mama ameshaenda. Sasa nimechoka kusahau."

Dada alikuwa anakuja kutoka shambani, jembe begani, akiimba. Alitukuta tumesimama kila mtu upande wake.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

Shemeji alimpokea jembe, akamsogezea gunia akae, naye akabaki amesimama nyuma yake. Nilipiga magoti mbele ya dada yangu, kwenye unga uliomwagika.

"Dada," nikasema, "Okoth hakusahau. Aliniambia mimi."